Waliojua ni Wateka Maji

Katika arusi ya Kana ya Galilaya, iliyosimuliwa katika sura ya pili ya Injili ya Yohana, watu wa namna mbili walisimama mbele ya divai moja. Mkuu wa meza aliionja, akaisifu, akamwita bwana arusi na kustaajabu mbele yake kwamba iliyo njema imewekwa hadi mwisho. Ulimi wake ulikuwa na ujuzi wa vinywaji na hukumu yake ilikuwa ya haki, walakini hakujua divai ile imetoka wapi. Waliojua ni watumishi, na hawakujua kwa elimu wala kwa ndoto, bali kwa kuwa mikono yao ndiyo iliyoteka maji. Mabalasi ya mawe yalikuwa sita, na kila moja lilichukua nzio mbili au tatu, yaani kwa vipimo vya leo baina ya lita 80 na 120. Ungeyajaza kwa ndoo yetu ya lita 20, ile tuipangiayo foleni bombani, ungekwenda na kurudi mara 24 kwa uchache na 36 kwa wingi. Hebu ifikiri kazi hiyo, msomaji, katika nyumba ya karamu, wageni wakicheka ndani, maji yakimwagika miguuni, na amri yenyewe ikionekana haina maana, kwa kuwa nyumba imepungukiwa divai na wao wameagizwa maji. Kila aliyeshika chombo siku ile aliondoka na siri ambayo mheshimiwa wa meza hakuipata.

Nimewatanguliza wateka maji kwa sababu yote nitakayokuambia yanatoka kwao. Miujiza ya kila siku haikufichwa, lakini hujulikana kwanza na aliye kazini, aliyejua kuwa balasi lilikuwa tupu kabla halijajaa, kuliko aliyeketi akingoja kuonja. Ukitaka kuitambua katika maisha yako, usianze kwa kuinua macho kutafuta jambo geni. Anza kwa kujua vizuri balasi lako lina nini na limepungukiwa nini.

Nasema hivi nikikumbuka jinsi sisi watu wa nchi hii tulivyo wepesi wa kusafiri kwa ajili ya muujiza. Mwaka 2011 magari yalijaa njia ya Samunge, Loliondo, siku nenda siku rudi, yakichukua wagonjwa waliokwenda kunywa kikombe cha shilingi 500 kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri; na mwanzoni mwa Februari 2020, huko Moshi, watu 20 walipoteza maisha katika msongamano uwanjani, walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Sina neno la kejeli juu ya wasafiri hao. Walikuwa na maradhi, madeni, ndoa zilizovunjika, watoto waliokosa ada. Haja zao zilikuwa za kweli na machozi yao yalikuwa ya kweli. Huzuni yangu ni kwamba wengi wetu tumezoezwa kuitafuta kudra ya Mungu mbali, penye umati na vipaza sauti, wala hatukufundishwa na mtu kuitazama jikoni mwetu, na jicho lisilozoezwa hupita juu ya fadhila kama mguu upitavyo juu ya sarafu gizani.

Maneno yenyewe yanafaa kupimwa kidogo kabla ya kuendelea. Muujiza ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule uliotupa neno ajizi: ni jambo linalomwacha mtu hana uwezo, mikono imelegea, hana la kufanya wala la kusema. Injili ya Yohana haisimami hapo. Tendo la Kana inaliita ishara, nalo ni neno lenye kazi nyingine, kwa kuwa ishara haimlegezi mtu bali humwonyesha upande wa kuelekea. Kwa mambo ya kila siku neno hili la pili litakufaa zaidi. Mvua hunyesha kwa sababu zake, kidonda hufunga kwa sababu zake, jirani hubisha hodi kwa sababu zake, na hapana kanuni ya maumbile iliyovunjwa. Hata hivyo mambo hayo, yakikutana na haja yako katika saa yake, huelekeza kidole kwa Mpaji. Mtakatifu Augustino, Mwafrika aliyezaliwa Thagaste mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, alipowahubiria watu wa Hippo juu ya mikate iliyoshibisha watu elfu tano, aliwaambia kwamba kuutunza ulimwengu wote ni kazi kubwa kuliko kuwashibisha watu wale, ila watu hustaajabia mikate kwa sababu ni jambo la nadra, na hawaistaajabii mbegu inayokuwa shamba zima la nafaka kwa sababu wameizoea. Na mtu huyo hakuwa mkana miujiza adimu: katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu anasema kwamba habari za uponyaji zilizoandikwa Hippo, katika muda usiotimia miaka miwili, zilikaribia 70. Aliyaona yote mawili, na hakutumia moja kulidharau jingine.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, na hapa itanibidi nikupeleke Muheza, katika nyumba niliyozaliwa. Mama yangu alikuwa akiuza maandazi. Usiku, baada ya sisi kulala, alikanda unga kwa tui la nazi, sukari, iliki na hamira, akaweka kinyunya katika beseni kubwa la bati, akakifunika kwa kanga kuukuu iliyopauka hata maandishi yake hayakusomeka, na saa kumi alfajiri, kabla hajawasha moto, alikwenda penye beseni, akaweka kiganja chake juu ya kanga, akakiacha hapo kitambo kidogo, akasema, “Asante, Bwana.” Kanga ile iliyolazwa usiku ikiwa imebonyea sasa ilikuwa imeinuka na kutuna kama tumbo la mtu aliyeshiba. Nilipokuwa mdogo nilidhani anashukuru kwa faida atakayoipata sokoni. Nilipomwuliza alinijibu, “Mwanangu, mimi nimekanda tu, kisha nikalala. Kuumuka si kazi yangu.”

Miaka ikapita, nikafundishwa shuleni kwamba hamira ni viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa, na hewa hiyo ndiyo iinuayo kinyunya. Nikarudi nyumbani na elimu yangu nikiwa na haraka ya kumweleza, na nakiri kwamba moyoni nilitaka kumwonyesha kuwa hapakuwa na jambo la kushukuriwa kiasi kile. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake imejaa unga. “Kumbe viko hai!” akasema. “Basi vimekesha vikinifanyia kazi miaka yote hii na mimi sikuvijua.” Toka siku ile shukrani yake iliongezeka urefu. Nimesoma vitabu vingi juu ya imani na elimu ya maumbile, na sijapata kuona jibu lililonitosha kuliko hilo: kuijua sababu ni kumjua mtumishi mmoja zaidi katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Bwana Yesu mwenyewe alipotaka kuueleza ufalme alimchukua mwanamke aliyetia chachu katika pishi tatu za unga, na mahali pengine akamchukua mkulima aliyelala na kuamka huku mbegu ikiota asijue vipi.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni hili. Katika kazi yako, iwe ni jembe, wavu, chaki, cherehani au usukani, tafuta mahali ambapo juhudi yako inakoma na jambo jingine linaanza, kisha weka kiganja hapo. Muuguzi husafisha kidonda na kukifunga, lakini nyama haishikani kwa amri yake. Mwalimu hurudia hesabu ile ile mara saba, na mara ya nane uso wa mtoto hung’aa, wala mwalimu hawezi kusema ni lini hasa fahamu imeingia. Mvuvi huujua mwezi na maji, bamvua na maji mafu, lakini samaki hakumpa ahadi. Mpaka huo upo katika kila kazi ya halali, na mtu asiyewahi kuufikiri huishi akidhani kwamba kila kitu amekifanya yeye, mpaka siku kitakapokataa.

La pili ni kumbukumbu, nalo ni gumu kuliko la kwanza. Injili ya Marko, sura ya nane, inawaonyesha wanafunzi ndani ya chombo wakiwa na mkate mmoja tu, wakihangaika kwa kuwa wamesahau kuchukua mingine, na Yule aliyewashibisha maelfu ameketi kati yao. Aliwauliza waliokota vikapu vingapi mara ya kwanza. Wakajibu kumi na viwili. Na mara ya pili? Wakajibu saba. Hesabu yao ilikuwa sahihi kabisa. Walikumbuka idadi, lakini hofu yao ya mkate wa leo haikupata kukutana na vikapu vya jana. Hivyo ndivyo tulivyo, na dawa niijuayo mimi ni daftari.

Daftari la shule latosha. Jioni, kabla hujazima taa, andika tarehe, kisha andika mambo matatu kwa maneno machache iwezekanavyo: haja uliyokuwa nayo asubuhi, kilichotokea, na mkono uliokileta. Usipambe. Usiandike kwamba ni muujiza. Liache jambo lisimame lilivyo, kwa kuwa maana yake yamkini itaonekana baada ya mwezi, au baada ya miaka, utakapoisoma mistari ishirini kwa pamoja na kuona kuwa ina mwandiko mmoja. Mama yangu, aliyesoma hadi darasa la nne, aliweka daftari kama hilo, na baada ya kufariki kwake limenifikia mimi. Ukurasa mmoja una mistari miwili: “Jumanne. Mafuta ya taa yamekwisha. Mbalamwezi.” Kisha: “Ijumaa. Homa ya mtoto. Baiskeli ya jirani.” Mtoto mwenye homa nilikuwa mimi. Jirani alikuwa Mwislamu, mtu wa makamo mwenye kikohozi, ambaye alikuwa anajiandaa kwenda kuswali Ijumaa. Aliahirisha safari yake, akaniweka nyuma ya baiskeli nimefungwa kwa kanga kiunoni mwake, akanisukuma hadi hospitali juani, mama akifuata mbio kwa miguu. Mbalamwezi haikuumbwa kwa ajili ya nyumba yetu, wala baiskeli haikununuliwa kwa ajili yangu. Lakini haja ilikuwapo, na saa yake ilikuwapo, na mama aliona ni wajibu kuandika.

Tazama jinsi mstari ule unavyomtaja jirani. Riziki ya Mungu aghalabu huja kwa miguu ya mtu, na mtu huyo ana jina. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme Eliya alilishwa kwanza na kunguru, kisha na mjane wa Sarepta aliyekuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo. Kunguru hawakuhitaji kuambiwa asante, lakini mjane ni mtu. Nasikitika ninapomsikia mgonjwa aliyepona akisimama kanisani na kusema Mungu amenitendea, jambo ambalo ni kweli tupu, asimtaje hata kwa neno moja muuguzi aliyekesha naye usiku wa pili, wala ndugu aliyetoa damu. Haki ya Mungu haipunguzwi kwa kumshukuru mjumbe wake. Fanya hivi: kabla wiki haijaisha, nenda kwa aliyetajwa katika daftari lako, au mpigie simu, umwambie alichokifanya na kilikuta hali gani. Wengi hawajui. Mtu alikupa nauli akaisahau siku ile ile, na wewe nauli ile ndiyo iliyokufikisha kwa mzazi wako akiwa bado hai.

Na hapa sina budi kusema jambo la siha kwa sauti ya juu. Usiache dawa. Ikiwa tabibu amekuandikia vidonge vya shinikizo la damu, vya kisukari, vya kifua kikuu, au vya kufubaza virusi vya UKIMWI, kuvimeza kila siku kwa saa yake ni kuteka maji kama walivyoteka wale wa Kana, na anayekuambia uvitupe ili kuonyesha imani anakuchukulia ndoo mkononi. Mtume Paulo alimshauri Timotheo namna ya kulitunza tumbo lake lenye maradhi. Alimwacha Trofimo mgonjwa huko Mileto. Na mwenziwe mpendwa Luka alikuwa tabibu. Hao ni watu waliouona uponyaji kwa macho yao, wala hawakuona aibu kutumia njia. Mimi namjua mama aliyebebwa mgongoni kwenda kliniki, akaanza dawa, na miaka mingi baadaye akacheza ngoma katika arusi ya mwanawe wa mwisho. Aliniambia kwamba kila jioni, anapokifungua kichupa, huomba sala fupi. Ukiniuliza miujiza ya zama zetu iko wapi, nitakuonyesha kichupa kile.

Kuna hatari moja katika zoezi hili, nayo ni kujiona mpendwa kuliko wengine. Chukua mfano unaotokea kila mwaka katika barabara zetu: mtu amechelewa basi, basi limepinduka, wasafiri wamekufa, naye yu hai kwa sababu ya dakika tano. Ashukuru? Ashukuru sana, maana uhai ni hidaya. Lakini asiseme Mungu aliniokoa kwa kuwa nilisali asubuhi, kwa kuwa ndani ya basi lile walikuwamo waliosali asubuhi pia, na huenda walisali vizuri kumshinda. Katika Injili ya Mathayo tumefundishwa kwamba jua na mvua havichagui watu. Yule aliyesalimika namshauri ainamishe kichwa, aandike mstari wake katika daftari, kisha avae aende msibani, akae mkekani na wafiwa, akachote maji na kupasua kuni, asisimulie habari ya dakika tano zake. Baadhi ya shukrani hutolewa kwa kunyamaza. Jambo lolote ambalo likikutokea linakufanya umtazame mwenzako aliyenyimwa kwa jicho la juu, lihofu. Na jambo lolote ambalo linakudai fedha kwanza ndipo likujie, lihofu zaidi.

Ushuhuda, basi, una mahali pake. Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwaachia Wakristo wa nchi zetu desturi ya kusimama mbele ya wenzao na kusema waziwazi kilichotendeka moyoni wiki ile, na katika ushirika ule wa mwanzo watu walisimama hasa kuungama: mke aliyetukanwa, mizani iliyochezewa dukani, ng’ombe aliyeibwa akarudishwa kwa mwenyewe. Mtu kurudisha ng’ombe wa wizi kwa hiari yake ni muujiza, na ningependa tuusikie huo mara nyingi kama tunavyosikia habari za viwanja na magari.

Lakini itakuja siku ambayo balasi litabaki tupu. Utasali, utameza dawa, utachota maji mpaka mgongo uume, na utakayempoteza utampoteza. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina, na mwezi Julai mwaka huo huo akamzika mkewe na binti yao mchanga. Yeye mwenyewe alikuwa taabani kwa homa. Mwaka ule ule, pamoja na msiba wake, alikuwa ameanza kuifasiri Biblia katika Kiswahili, kazi ambayo mikono mingi iliipokea baada yake, hata mwaka 1952 ikatoka ile Biblia ya Union Version ambayo wengi wetu tumelelewa nayo. Sithubutu kusema kwamba kitabu kililipa kaburi. Baba aliyefiwa na mtoto hapewi kitabu akawa amelipwa. Ninachosema ni kwamba aliendelea kufasiri, na kwamba watu waliosoma baadaye kisa cha Kana kwa lugha yao walisoma, pamoja na mengine, juhudi ya mtu aliyeandika akiwa na huzuni. Siku kama hizo usilazimishe daftari liseme lisiloliona. Andika tarehe, uache nafasi.

Baba yetu alifariki mwezi wa masika, usiku, baada ya kuugua wiki tatu, na wiki hizo tatu mama aliandika kila jioni: nani kaleta uji, nani kakesha, siku ambayo homa ilishuka tukadhani amepona. Ukurasa wa siku aliyokufa una tarehe peke yake. Unaofuata una tarehe peke yake, na unaofuata, na unaofuata tena, mwandiko ukizidi kuwa mdogo. Siku ya kumi na moja, matanga yakiwa yamekwisha na ndugu wameondoka, yapo maneno mawili chini ya tarehe, yenye alama ya kidole chenye unga pembeni: “Unga umeumuka.”